Kisanduku Kilichoniuliza Kama Nimekula

Iracy, shoga yangu, nimeaibika.

Si unajua Tainá, mjukuu wangu, anafanya kazi São Paulo, anatengeneza vitufe na visanduku vya skrini tunavyotumia wenye maduka ya mtandaoni?

Leo nabadilisha bei ya goiabada zangu tamu za mapera, kisanduku kikatokea: "Bibi, umeshakula?"

Umeshakula, Iracy. Nikalia. Miezi minne hajanipigia.

Nikajibu palepale, penye jina la bidhaa: "Bado, mwanangu. Unakuja lini?" Wateja wote wakasoma.

Ndipo akapiga. "Bibi, yale ni maneno ya kujaribia tu, nilisahau kuyatoa. Maduka yote nchini yameulizwa hivyo."

Akakata bila kuuliza kama nimekula.

Kitendawili: nchi nzima imeulizwa, kajibu mmoja.

Usitegue. Jibu ninalo.