Simu ya Minza Haikubali eSIM

Jumapili, Bariadi. Alasiri.

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Joto limebana kama tuko ndani ya sufuria lililofunikwa. Nimetoka kanisani, sijabadilisha nguo wala kupika. Nimekaa tu sebuleni na simu mapajani.

Ndege ya mdogo wangu ilitakiwa kutua India leo asubuhi. Mpaka sasa sijui kama imetua.

Naandika ili mikono ipate kazi.

Kwa mnaopita hapa kwa mara ya kwanza: Minza ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Hasikii. Alikuwa mtoto mchanga kule kwetu Zagayu homa ilipompata, ikaondoka na masikio yake. Sasa ni fundi cherehani hapa mjini, na maharusi wengi wa Bariadi wamepita mikononi mwake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na alama zetu wenyewe, za kuitana chakula na kusengenya wakubwa. Baadaye akapelekwa shule ya viziwi, akarudi na lugha ya alama iliyokamilika, akanifundisha.

Tangu hapo mimi ndiye mdomo wake. Hospitali tunakwenda wote, na ofisi ya kata pia. Akipata mteja msumbufu ananipigia video. Nimeshaegemeza simu dirishani darasani mara nyingi, nikamtafsiria mtu anayetaka shingo ya gauni ishuke kidogo, kisha nikageukia ubao kuendelea na hesabu za sehemu.

Kwa hiyo mkisikia kwamba Minza yuko mahali hana mtandao, mjue hana simu ya kupiga kama ninyi. Ana meseji tu. Na nje ya nchi, meseji aandike kwa nani? Kiingereza chake ni cha kuungaunga.

Nafasi yenyewe ilikuja kama bahati. Kuna kituo cha wanawake viziwi kusini mwa India wanakofundisha kufuma vitambaa kwa mtambo wa mkono. Wakamkubali kwa miezi mitatu. Mama alipoambiwa alisema, "Sisi tunalima pamba miaka yote, tunaipeleka kwenye mizani, basi. Hatujui inakokwenda. Yeye aende akaone."

Mimi nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi mpaka siku ile kituo kilipoleta maelekezo ya safari. Mstari mmoja ulisema kila msafiri ahakikishe simu yake inakubali eSIM, anunue kifurushi kabla ya kuondoka, ili akitua tu awe na mtandao.

eSIM. Nilikuwa nimelisikia neno hilo, sikuwahi kulihitaji. Nikasoma. Ni laini isiyo na kadi. Unapiga picha alama fulani, laini inaingia ndani ya simu yenyewe. Na namna ya kujua kama simu yako inakubali ni rahisi: unabonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli. Zikija namba za IMEI peke yake, zile za utambulisho wa simu, huna bahati. Ikija na namba nyingine ndefu iliyoandikwa EID, unayo.

Minza alikuwa amekaa pembeni yangu kitandani. Nikabonyeza.

IMEI mbili. Basi.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta palipoandikwa ongeza eSIM. Hapapo. Nikatafuta jina la simu yake mtandaoni, nikalikuta kwenye orodha ya simu zinazokubali! Nikaruka, nikamkumbatia, kisha nikasoma maandishi madogo ya chini: inategemea simu ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani. Simu ya jina lilelile, umbo lilelile, ya kwao inayo, ya kwetu hawakuiweka.

Sikukubali. Niliizima, nikaiwasha. Nikaipa toleo jipya la mfumo, umeme ukakatika katikati, nikaanza upya uliporudi. Nikabonyeza tena nyota, reli, sifuri sita, reli, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoambiwa wenyewe wamehama.

Simu yangu mimi ndiyo usiseme.

Kesho yake tukaenda madukani. Muuzaji wa kwanza, kijana mchangamfu, aliichukua simu ya Minza akaigeuza mara mbili. "Hii inakubali, madam. Inaingia laini mbili."

"Siyo laini mbili. Ni laini isiyo na kadi."

"Sasa isiyo na kadi utaiweka wapi?"

Nilicheka kwa sababu hata mimi wiki moja nyuma ningeuliza hivyo hivyo. Duka la pili walisema simu za namna hiyo tuagize Mwanza. Duka la tatu walikuwa nayo moja, mpya, kwenye kioo, na bei yake ilitufanya tuage kwa heshima.

Shuleni nikamweleza mwalimu mwenzangu, Stella. Hakusubiri nimalize. Kaka yake alimletea simu kutoka ng'ambo, nzuri, anaitunza kama yai. Tukabonyeza pale pale ofisini, na EID ikaja, namba ndefu kama treni. Stella akasema, "Achukue. Miezi mitatu siyo milele. Mimi nitatumia kisimu changu cha kitochi."

Sijui kama mimi ningeweza kumpa mtu simu yangu hivyo.

Tukanunua kifurushi. Tukapiga picha ile alama. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika kwamba imefungwa kwa mtandao wa kampuni ya huko ilikotoka na haiwezi kupokea laini nyingine. Stella akashangaa: mbona laini yake ya hapa inafanya kazi kila siku? Tukachomoa kadi. Chini yake kulikuwa na kijikadi kingine chembamba kama ganda la kitunguu, kimebandikwa kuidanganya simu. Kaka yake hakuwahi kumwambia. Kijikadi kile kinaidanganya simu kwenye kadi tu. Kwenye eSIM hakina ujanja.

Stella alisikitika kuliko mimi. Ikabidi nimbembeleze yeye.

Ikabaki njia moja, kuifungulia laini ya kawaida ya Minza itumike nje, na data yake. Wakala wa kampuni ya simu alijaribu akashindwa, akasema tupige huduma kwa wateja. Tukapiga tukiwa chumbani kwa Minza, kati ya magauni yanayoning'inia. Nikaweka sauti kubwa kwa mazoea, ingawa msikilizaji nilikuwa mimi peke yangu.

Dada wa upande wa pili alikuwa mpole. Akauliza jina, namba ya kitambulisho, vyote nikampa. Halafu akasema, "Wewe ndiye mwenye laini?"

"Hapana, mimi ni dada yake. Yuko hapa."

"Basi mpe aongee, athibitishe."

"Ni kiziwi. Hasikii wala haongei."

"Pole sana. Ila kwa usalama wa mteja, lazima nisikie sauti ya mwenye laini."

"Dada yangu, nimekuambia hana hiyo sauti."

"Nakuelewa, mama. Lakini utaratibu ndivyo ulivyo."

Minza alikuwa ananitazama uso. Yeye husoma uso wangu kabla ya mikono. Akauliza wanasema nini. Nikamwambia kwa alama: wanataka sauti yako.

Akatoa macho. Akacheka. Kisha akaninyang'anya simu, akaisogeza mdomoni, akatoa sauti ile aliyonayo, nzito, inayopanda na kushuka, kama anaita ng'ombe kutoka mbali. Aliitoa kwa moyo wote.

"Haloo?" yule dada akasema. "Haloo? Mama, sikusikii vizuri. Sogea penye mtandao."

Nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu. Minza naye hajui alichojibiwa, lakini ananiona nacheka, anacheka zaidi. Halafu sijui ni wakati gani kicheko changu kiligeuka. Nililia. Nililia mbele ya mdogo wangu mwenye safari, mimi niliyepaswa kumtia moyo. Simu ilikuwa imeshakatika.

Yeye hakulia. Aliniletea maji. Kisha akaketi kwenye cherehani, akachukua begi lake la mgongoni, akaanza kulidarizi kwa uzi mwekundu. Nilimwandikia maneno ya Kiingereza kwenye karatasi kama alivyoomba, akayashona makubwa mgongoni mwa begi: Mimi ni kiziwi, tafadhali niandikie.

Nikamwambia hilo ni kosa. Wezi watakusoma.

Akajibu, na watu wazuri watanisoma.

Nilimpigia mama nikitegemea atasema safari iahirishwe. Nakiri nilitaka aseme. Mama alisikiliza habari zote za EID na kijikadi, sidhani kama alishika hata moja, kisha akauliza, "Huko anakokwenda kuna mtu atakayempokea?"

"Wamesema yupo."

"Mwache mtoto aende, Kabula."

Jana tukaenda Mwanza. Uwanja wa ndege walinizuia kwenye kioo, yeye akapita. Watu waliokuwa pembeni yangu walikuwa wanapaza sauti kwa ndugu zao, wanagonga kioo, wanaonyesha masikio kwamba hawasikii. Mimi na Minza tuliendelea kuongea tu. Kioo hakituhusu. Akaniuliza kama nimefunga mlango wa chumba chake. Nikamwambia ale. Akaniambia nirudi nyumbani, watoto wangu wa darasa la saba wana mtihani. Kisha foleni ikakata kona, nikaona begi, sikuona mikono tena.

Dar es Salaam alituma meseji: nimefika, nimepanda nyingine. Baada ya hapo, hakuna.

Tangu jana jioni nimekuwa mtu wa kutazama kioo cha simu. Leo kanisani mchungaji alihubiri na sikumbuki neno. Niliwaza Addis Ababa anakobadili ndege, matangazo yanayosemwa kwenye spika, mlango ukibadilishwa na kila mtu akainuka ila yeye. Niliwaza afisa wa uhamiaji anauliza swali, anauliza tena, anapandisha sauti, watu hudhani kiziwi ni mtu wa kupandishiwa sauti. Kila nilipomwona kichwani mwangu alikuwa anageuka kunitafuta.

Nilifanya kila nililolijua. Hakuna lililofanya kazi.

Nimeishia hapo kuandika, simu ikaita kidogo. Naendelea sasa.

Ni video, kutoka namba nisiyoijua, ya India. Fupi. Minza yuko nje ya jengo kubwa, jua kali, na mwanamke wa makamo aliyevaa sari ya njano. Mtu mwingine ndiye anayewapiga picha. Wanaongea. Mwanamke yule ni kiziwi, naona kwa jinsi anavyomtazama Minza usoni. Mikono yao inakwenda kasi. Wanakwama, wanarudia, mmoja anachora kitu hewani, mwingine anakidaka na kukigeuza, wanaendelea. Minza anacheka ile sauti yake yote na hakuna anayegeuka kumshangaa.

Nimeiangalia mara ya kwanza nikilia kwa shukrani. Yuko salama. Mungu ni mwema.

Mara ya pili nimejaribu kufuatilia wanachosema.

Sikuelewa. Baadhi ni alama zetu, nyingine ni za kule, nyingine nadhani wamezitunga pale pale. Nimeambulia "mama" na "njaa". Mengine yote yamenipita. Katika maisha yangu sijawahi kumwona Minza anazungumza na mtu, mimi nikawa ndiye nisiyejua kinachoendelea.

Nikampigia mama. "Amefika, mayu. Nimemwona kwenye video, yuko na mwenyeji wake."

Nilisikia anashusha pumzi, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma, akawatangazia waliokuwa pale nyumbani. Kisha akarudi kwenye simu. "Amesema nini?"

Siku zote mama huniuliza mimi swali hilo, na siku zote ninalo jibu.

"Sijui, mayu."

"Hujui?"

"Sijui. Nadhani ana njaa."

Mama akacheka. "Watampa chakula," akasema, akaaga. Alikuwa na watu.

Nimeiangalia tena sasa hivi, mpaka mwisho. Mwishoni aliyeshika simu anawaita, Minza anageuka, anakumbuka kwamba kuna kamera. Hasemi kitu kwa alama. Anainua mkono mmoja na kupunga tu, taratibu, akitabasamu, kama anavyowapungia watu wasiojua lugha yake.

Nikainua wa kwangu, nikampungia hapa sebuleni, na video ilikuwa imeshakwisha.