Kisigino cha Kushoto

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua, na hiyo timu yenu ndiyo inanimaliza kabisa. Kufungwa kwa pointi thelathini nyumbani kwenu! Niliizima redio kabla ya robo ya mwisho. Sasa wewe unafua jezi zao, na kocha anapita mlangoni kwako kila siku. Mpe kurasa hizi mkononi, usimwachie mezani.

Kwanza, Nguzo aache kutupa kutoka mbali. Mtu mrefu vile anakimbilia nje kutafuta nini? Akae chini ya kikapu. Pili, yule mgeni wa mitupo ya pointi tatu arudi alikotoka, hakabi hata kivuli. Tatu, Mnyamavu atolewe benchi. Alipewa dakika sita tu, na hakupoteza pasi hata moja.

Nne, usinichukie: nahodha apumzishwe wiki sita. Najua ni mumeo. Lakini viatu vyake ulivyoniletea nivishone vimeniambia mambo. Soli ya kulia imelika sawasawa. Ya kushoto imelika mbele tu, na kisigino bado kipya kama kilivyotoka dukani. Mkwe wangu hakanyagi kisigino. Nimeshona viatu miaka arobaini, na sijaona mguu wa namna hiyo ukapona kwa kukimbizwa.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo baba,

Pole na mgongo. Sisi wazima, tunashukuru. Kocha amesoma, akacheka mpaka akakaa juu ya kapu la taulo. Ati, "Baba yako ndiye angekuwa kocha, mimi nikashone viatu." Lakini jana Nguzo alikuwa chini ya kikapu. Umesikilizwa, mzee!

Ukurasa wa pili sikumpa. Ule wenye jambo la nne. Baba, mwisho wa mwezi wanatoa orodha ya watakaobaki na watakaoachwa. Mume wangu ana miaka thelathini na mitatu. Akipumzishwa sasa ndiyo basi, na nyumba hii ni ya timu. Yeye anasema maumivu ni ya asubuhi tu, ila ameniapia: ikifika Ijumaa ijayo bado yapo, atakwenda kwa kocha mwenyewe. Unamjua alivyo, hawezi kuficha kitu.

Nakumbuka ulivyomwinulia kiatu yule mwalimu wa mguu mfupi. Mwinulie na mkwe wako, kisigino cha kushoto, kidogo tu. Weka kipande cha ngozi chini ya soli ya ndani asikione. Nakuomba baba. Sijakuomba kitu tangu niolewe.

Mwanao

16 Machi

Binti yangu,

Mimi mzima. Barua yako imenikera, nikaikunja, nikaikunjua.

Viatu hivyo hapo. Nimeweka ngozi mbili, nimezigandisha na kuzisugua pembeni mpaka hata mimi nikipitisha kidole sizipati. Maumivu yatapungua. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu mshipa wa kisigino utakuwa mbovu vilevile na yeye hatajua. Mpe kwa mechi moja, apite kwenye orodha yenu, halafu umwambie ukweli ukae naye chini. Mechi moja, umenisikia?

Nimefanya kwa ajili yako. Nisingemfanyia mtu mwingine.

Baba yako

25 Machi

Shikamoo baba,

Ungemwona! Anatembea kama siku tuliyooana. Ijumaa aliamka akarukaruka jikoni, akasema, "Mke wangu, nimepona!" Akanikumbatia, na mimi nikacheka naye.

Orodha imetoka. Jina lake ni la kwanza. Mgeni wa mitupo ameachwa kama ulivyosema. Ila na Mnyamavu ameachwa. Kocha kasema angembakiza kama nahodha angekuwa na shaka ya mguu, lakini nahodha yuko fiti. Alikuja kurudisha jezi yake, ameikunja vizuri. Akanishukuru kwa kumfulia. Sikuweza kumtazama.

Fainali ni Jumamosi. Nitamwambia Jumapili, naapa.

Mwanao

1 Aprili

Binti yangu,

Sina salamu leo. Nimesikia redioni. Mtangazaji alisema hakuguswa na mtu. Alisema nahodha aligeuka nyuma kutazama nani kampiga teke, na nyuma hapakuwa na mtu. Mimi nikajua kimekatika nini.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Baba

19 Aprili

Binti yangu,

Barua ya pili hii bila jibu. Kama unanilaumu, nilaumu kwa maandishi. Nilisema mechi moja. Lakini mikono iliyogandisha ile ngozi ni yangu, najua. Mkwe wangu yuko vipi?

Baba

8 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza. Wamempasua mara mbili. Daktari amesema atatembea, mpira asahau. Tumehama, tuko chumba kimoja karibu na hospitali, na mimi nafua mashuka yao sasa.

Viatu alivichana mwenyewe kwa kisu. Alikuwa amekaa kitandani, anataka kujua kwa nini mguu uliopona umekatika. Akazitoa zile ngozi mbili. Alijua mkono wako mara moja. Nikamweleza kwa nini tuliziweka.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alisema tu, "Mngeniambia, ningekaa benchi. Mnyamavu angecheza." Tangu siku hiyo ni wiki mbili, ananijibu ndiyo na hapana.

Jana aliniuliza wewe ulijuaje kwamba mguu wake ni mbovu. Nikampa ule ukurasa wako wa pili, niliouficha. Aliusoma taratibu, kidole kikifuata mistari: nahodha apumzishwe wiki sita. Akahesabu kwa vidole kutoka tarehe uliyoandika, akasema, "Leo ningekuwa nimesharudi uwanjani." Halafu akaniuliza kocha alisemaje alipousoma.

Baba, nimemwambia nitamjibu kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo. Ameamka, ananiita.

Mwanao