Tone la Kwanza ni la Baba

Kaka yangu Wilnor,

Viatu ulivyonitumia vinanibana, lakini Jumapili nilivivaa kanisani na watu wakaviona. Yule maksai wa kinu amepona mguu, na tumeshaanza kukamua miwa.

Mnunuzi uliyemtuma kutoka Boston amefika. Nilimkaribisha kwa kleren, ramu yetu iliyokulea na kukusomesha. Akaimimina yote kooni bila kuwamwagia wafu hata tone chini. Shangazi Célimène akaninong'oneza, "Huyu kwao watu hawafi?"

Kisha akasema ataichanganya na sukari, na kwenye chupa ataandika nchi nyingine, eti jina la Haiti haliuzi. Nikamwambia, "Bwana, miwa hii babu zetu waliikata wakichapwa viboko. Leo tunaikata kwa hiari yetu. Jina likibaki hapa, na ramu inabaki hapa."

Akacheka, akaniambia wewe ulishakubali. Mimi sijakubali, na funguo za kiwanda ninazo mimi. Usinitumie mwingine.

Nimekumbuka kwamba siku tuliyomzika baba, wewe pia ulikunywa bila kumwaga. Nilidhani ni uchungu tu.

Chupa yako nimekuwekea. Siitumi, maana huko ghorofani kwako chini ni zulia. Njoo uifungulie kaburini. Ukishammwagia baba tone lake, mwambie mwenyewe unachotaka kuuza.

Mimi dada yako, nitakayewasha moto wa mtambo kesho kama kawaida,

Ermancia