Ilaze Kwanza, Kisha Uinyanyue

Mulgaree, Australia Kusini
4 Januari 1982

Binti yangu Glenys,

Kwa masikitiko makubwa, ukoo wa Noske unatangaza kifo cha pikipiki nyekundu, kilichotokea Jumanne kwenye lango la kisima cha kaskazini baada ya kuugua gia kwa muda mrefu. Mazishi yamefanyika nyuma ya banda, karibu na lile jenereta letu bovu. Marehemu ameacha mzee mmoja na mbwa.

Hujambo lakini? Hiyo kazi ya hospitali huko Hobart haijakumaliza? Mimi mzima, ila goti. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu laini yetu ya simu ya kuchangia na majirani unaijua: Mavis wa shamba la pili husikiliza mpaka tunavyomeza mate. Juzi nilipiga chafya nikiongea na fundi, sauti ya kike ikasema, "Afya!"

Sasa jambo lenyewe. Kev Stobie anauza pikipiki mbili za porini, zote zimetumika. Moja ni ya cc 250. Nyepesi, inaitika kiki ya kwanza kama mtoto aliyeitwa kula, ila kwenye mchanga inalia. Mwenyewe wa kwanza alikata kiti ili afunge kreti ya mbwa, kwa hiyo inakaa mtu mmoja. Nyingine ni ya 500. Mchanga inaupanda ikicheka, na ina kiti kirefu cha wawili, kama ile niliyokuwa nikipanda na mama yako, mimi mbele, yeye nyuma akinihesabia makosa. Lakini ni nzito kama fahali aliyegoma, na asubuhi ya baridi kiki yake inarudisha teke.

Sitazunguka. Ukija Machi kukusanya kondoo, nachukua ya 500, tunapanda wawili. Usipokuja, ya 250 inanitosha na mbwa. Niambie, ni ipi?

Huku hakujabadilika kitu. Kabla ya kutoka bado naandika kwenye ubao wa jikoni ninakoelekea, kama mama yako alivyotulazimisha, ili asiyerudi ijulikane pa kumtafutia. Nikirudi naufuta mwenyewe.

Baba yako

*

Hobart
25 Januari

Baba mpendwa,

Pole na msiba. Goti unalichua, au unalitukana tu?

Mimi mzima, nimechoka. Nimemuuliza daktari mmoja hapa mwenye pikipiki kubwa, akasema nguvu haijawahi kumdhuru mtu. Sijawahi kumwona akitoka nje ya lami, lakini amesema kwa uhakika sana.

Chukua ya 500. Machi naomba likizo, nakuja. Nitakaa nyuma nikuhesabie makosa, maana mama aliniachia kazi hiyo.

Msalimie mbwa. Msalimie na Mavis, ukinyanyua tu simu atakuwa amesikia.

Binti yako

*

Mulgaree
12 Februari

Binti yangu,

Salamu zimefika kwa wote wawili. Goti linasema asante.

Nimenunua. Desturi unaijua: huku mtu hanunui pikipiki ya porini bila kuilaza chini kwanza na kuinyanyua peke yake, kwa sababu itakapokuangukia hutakuwa na jirani. Ya 250 niliinyanyua huku napiga mluzi. Ya 500 ilifika magotini ikatulia hapo.

"Mzee Athol," Kev akasema, "unainyanyua au unaiombea?"

"Naizoea."

"Basi izoee kabla mgongo haujakatika." Akashika usukani, ikasimama. "Hiyo si wewe, ni mimi. Chukua ndogo, bwana, acha ubishi."

"Machi tutakuwa wawili."

"Glenys amesema?"

"Ameandika."

Akaangalia tairi muda mrefu kuliko tairi linavyohitaji. Kisha akanipa ufunguo.

Godoro lako nimelianika juani. Linanuka kidogo tu.

Baba yako

*

Hobart
9 Aprili

Baba,

Natumaini hujambo. Najua Machi imepita. Wauguzi wenzangu wawili waliacha kazi ndani ya wiki moja na likizo yangu ikazuiwa. Nilishika simu mara nyingi, nikaona aibu Mavis anisikie nikijitetea. Ni sababu mbovu, lakini ndiyo hiyo.

Kondoo ulikusanyaje? Pikipiki inakwendaje?

Binti yako

*

Mulgaree
30 Aprili

Binti yangu,

Mimi mzima, kwa sehemu kubwa. Kazi ni kazi, sina kinyongo. Kondoo tuliwakusanya mimi na mbwa, na mbwa ndiye aliyestahili mshahara.

Pikipiki inakwenda vizuri sana, isipokuwa inapolala. Kwenye korongo la kaskazini gurudumu la mbele lilizama mchangani, ikanilalia mguu, ekzosi ikiwa bado ya moto. Nikajaribu kuinyanyua. Kev alisema kweli. Basi nikachimba mchanga chini ya mguu kwa kifuniko cha chupa ya chai, tangu asubuhi hadi kivuli kikahamia upande wa pili. Mbwa alikaa akinitazama kwa heshima, kama anasubiri mwisho wa mzaha. Jina lako nililiita, sijui kwa nini. Waliogeuka kunitazama ni kondoo, ng'ambo ya korongo.

Nilirudi kwa miguu; pikipiki Kev alinisaidia kuitoa baadaye. Ubaoni palikuwa bado pameandikwa KORONGO LA KASKAZINI. Mwandiko mzuri, unasomeka tangu mlangoni. Nikaufuta.

Usihangaike. Kidonda ni kama kisahani cha chai, na kinapona.

Baba yako

*

Hobart
14 Mei

Baba!

Osha hicho kidonda kwa maji ya chumvi, na usikifunge kwa kitambaa cha mafuta, nakujua.

Ubao huo anausoma nani, baba? Nimejiuliza hivyo wiki nzima. Krismasi nakuja, safari hii kweli, nimeshawaambia hapa. Mpaka nifike usiiguse hiyo 500. Tutaipanda wote, na ikilala tutainyanyua wawili. Niwekee nafasi yangu nyuma.

Binti yako

*

Mulgaree
28 Mei

Binti yangu,

Kidonda kimefunga. Kitambaa kilikuwa safi, au karibu safi.

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mbwa. Ukija Krismasi utafurahi, chumba chako kipo palepale. Ila barua ililetwa na gari la posta Alhamisi, na Jumatatu iliyotangulia nilikuwa nimeshampelekea Kev ile kubwa, tukabadilishana kwa ile ndogo. Hakunisimanga. Alisema tu, "Ilaze kwanza." Nikailaza, nikainyanyua.

Inawaka kiki ya kwanza. Kiti chake ni cha mtu mmoja.

Baba yako