Sahani za Maua Kule Florida

Mpendwa Baba Neema,

Neema alitaka tuiuze kempa, lile gari lako la kulala safarini. Ni majira ya baridi ya kwanza tangu tukuzike, na alishapata mnunuzi katika mji wa Sterling. Nikamwambia anipe wiki moja nifikirie, kumbe nilikuwa naogopa tu kwenda Florida peke yangu.

Unakumbuka nilivyokucheka ulipoileta? Tulikuwa tumestaafu, wewe kutoka hospitali, mimi kutoka kuhudumia wazee majumbani, nikadhani sasa tutatulia nyumbani Gaithersburg. Wewe ukapaki mlangoni gari lenye kitanda na jiko. Mchungaji akapita, akauliza, "Mzee, mama kakufukuza?" Ukamjibu, "Nakimbia theluji, na yeye nimemteka." Nilinuna hadi Georgia. Tulipofika Florida nikashuka bila koti, magoti hayaumi, nikaona aibu.

Asubuhi ya kwanza kwenye kambi ya kempa ulinipikisha chapati, ukazipeleka kwa majirani kempa hadi kempa, kwenye sahani zangu nzuri za maua. Mzee mmoja alidhani tumekuja kuhubiri, akakwambia kupitia dirisha kwamba wao tayari wana kanisa! Wengine walipokea kwa furaha, nasi tukasubiri sahani zetu. Siku nne, kimya. Walidhani sahani nazo ni zawadi. Tukawa tunakula kwenye mifuniko ya sufuria, mimi nafoka, wewe unacheka mpaka machozi. Bibi mmoja wa Ohio ndiye aliyeuliza kulikoni. Ukamweleza kwamba kwetu sahani ya jirani hurudishwa, tena hairudi tupu. Kesho yake zikaja zote, na machungwa, na keki, na samaki wa kukaanga. Tangu siku hiyo tukawa na watu kule.

Asante kwa watu hao, mume wangu. Asante zaidi kwa jambo lililonikera kuliko yote, kunilazimisha nishike usukani wa lile dude. Jumapili baada ya ibada, kwenye maegesho matupu kule College Park, mimi nalia, wewe unasema, "Polepole, Mama Neema. Nani anakukimbiza?" Nilidhani unanitesa. Kumbe daktari alishakwambia habari za moyo wako, ukanificha. Hilo nimekusamehe juzi tu, nikiwa North Carolina na ramani mapajani.

Ndiyo, nilikwenda. Neema alishika kichwa: "Mama, be serious! Utadraivu peke yako mpaka Florida?"

"Baba yako amenifundisha," nikamwambia, nikawasha gari.

Nimefika jana mchana. Binti wa mapokezi akauliza tuko wangapi. Miaka yote swali hilo ulikuwa unalijibu wewe. Nikasema, "Mmoja." Akaniandika, akanipa ufunguo wa bafu, akanikaribisha. Nililia baadaye, lakini nililia nikiwa nimeshafika.

Lala salama, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Neema