Lubugo ya Wino

Bibi yangu uliyelala Izigo,

Kaa vizuri huko uliko, nakuletea sifa zangu. Bukoba nzima, wakubwa kwa wadogo, hakuna aliyewahi kumvisha nguo mtu aliyenyongwa na Wadachi kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Ni mimi tu. Hata Mkama na ufalme wake hajaweza. Na darasa la nne sikumaliza!

Ulikuwa ukiniita Kanwa, yaani mdomo, kwa kuwa eti nilizaliwa naongea. Lakini ukianza habari ya Babu, nilinyamaza. Walimvua lubugo yake, ile nguo ya gome la mti, wakamtundika uchi bomani, ngoma ikapigwa watu waje kutazama. Maiti hawakukupa uizike. Wewe una baba yangu tumboni, askari akakusukuma mbele kwa kitako cha bunduki.

"Nikafumba macho," ulisema. "Kunileta waliweza. Kunifumbua, thubutu!"

Miaka yote ukaweka lubugo mpya darini. "Ya babu yako. Inamsubiri." Mwishowe tukakuzika wewe nayo.

Basi juzi nimepeleka kahawa kwa mnunuzi mmoja mjini. Ukutani, juu ya meza ya karani, kuna mchoro wa zamani. Mti, kamba, mtu uchi, na boma nyuma yake. Bendera sasa ni ya Mwingereza, mchoro wa Mdachi hakuna aliyeushusha! Nilishikwa na hasira hadi masikio yakaziba. Mchoraji amechora vifungo vyote vya koti la afisa, hata kucha za mbwa wake. Mtu wa kambani hakumpa hata pua. Na umati ameuchora ukicheka, kana kwamba tuliitwa kunywa pombe ya lubisi.

"Karani, hawa wanacheka nini?"

"Picha tu hiyo, kijana," akajibu, mtu wa pwani mwenye kofia safi. "Sogea, wenzako wanangoja."

"Angekuwa babu yako, ungekunywa chai chini ya miguu yake?"

Akatazama kikombe. Hakukigusa tena. Mzee mmoja wa Kitendaguro akaninong'oneza, "Mwanangu, mimi kila msimu naipa mgongo hiyo."

Kila msimu! Watu wazima wanauza kahawa yao kinyumenyume, na picha inaning'inia tu!

Karani alipotoka kupima magunia, nikachovya kidole kwenye wino wake, nikamvisha Babu lubugo. Begani hadi magotini, na mikunjo yake. Fundi hasa! Karani aliporudi akapiga yowe, "Mshenzi wewe!" Mimi huyo, juu ya baiskeli. Izigo sasa wananiita shujaa, na mimi siwakatazi.

Ila kuna jambo sikuwaambia.

Wino ulizidi. Ukatiririka kutoka miguuni pa Babu hadi kwenye umati, na macho yangu yakaufuata. Hapo ndipo nikamwona mwanamke mmoja mbele, peke yake hacheki. Mkono tumboni. Macho amefumba.

Nikafuta upesi kwa kiganja, nikaharibu zaidi. Pakabaki doa jeusi.

Bibi, hukuwahi kupigwa picha maisha yako yote. Yule mshenzi aliyemnyima Babu uso, wewe alikuona, akakuchora ulivyokuwa. Na aliyekufuta ni mimi.

Mjukuu wako,
Kanwa, aliyekosa la kusema