Kichwa cha Kwanza Tangu Nirudi

Kaloleni, Jumanne, Machi 1996

Kwani mtu akicheka lazima awe anaugua?

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo uani, kuku wa jirani akatumbukia kwenye karai la maji ya sabuni. Nikacheka. Mama akatoka ndani mbio.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza, Mama."

"Sasa unacheka nini?"

Nikamwonyesha kuku. Hakucheka. Tangu nitoke hospitali, nikinyamaza anaogopa, nikicheka anaogopa. Mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza kama kile kicheko kilikuwa changu. Zile sauti nilizokuwa nikizisikia nilipougua nazo zilikuwa zikinichekesha.

Mchana Mama Atieno alimleta binti yake nimsuke, kama zamani kabla sijaugua. Mama aliketi mlangoni, macho kwenye mikono yangu.

Atieno ana miaka saba, haogopi kuuliza.

"Watu wanasema ulikuwa na wazimu. Ni kweli?"

"Nilikuwa mgonjwa. Inamisha kichwa."

"Na umepona?"

Nikamwambia daktari anataka niendelee na dawa. Akaridhika, akainama.

Nilipofika mstari wa mwisho niliinua macho, Mama hayuko. Alikuwa ameenda kununua sukari, akaniacha peke yangu na mtoto wa watu, na kitana chenye ncha mkononi.

Labda ameanza kuniamini. Labda alisahau tu. Nimeshindwa kumuuliza, maana sijui ningefanya nini na jibu.